Blaindi ndogo au blaindi kubwa: karata zipi uingie nazo, zipi utupe

Mwezi ukijaa, Kibirizi yetu, hapa Kigoma, inapumzika. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti tena. Mitumbwi inavutwa mchangani, wavuvi wanakaa kivulini siku kadhaa wakishona nyavu na kubishana, na hapo ndipo karata zinapotoka. Zamani ilikuwa albastini na lasti kadi. Siku hizi, tangu kijana mmoja wa boti atufundishe alichojifunza kwenye simu, ni poka ya Texas: karata mbili mkononi, tano mezani, mwenye mkono bora wa karata tano anakomba sinia.

Sinia ni sinia kweli, la bati, lipo katikati ya mkeka. Hatuchezi pesa; poka ya pesa ina kumbi zake zenye leseni na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayozisimamia. Dau letu ni mise, zile kokwa za mchikichi zinazobaki mawese yakishakamuliwa. Kila mtu anaanza na kokwa 200. Ubaya wake ni kwamba huwa bado zina mafuta. Mwezi uliopita ree ya kopa ilipata alama ya dole gumba la rangi ya chungwa mgongoni, na ilichukua jioni nzima mpaka tukagundua kwa nini jirani yangu anatupa karata kila mara ninapokuwa nayo. Pakiti nzima ikaenda kuwashia moto wa kukaushia samaki.

Ugomvi mkubwa pale mkekani hauhusu karata nzuri. Ukipata ree mbili hakuna wa kukushauri. Ugomvi ni blaindi. Wawili walio kushoto kwa mgawaji wanalazimika kuweka kabla hawajaona kitu: wa kwanza kokwa 1, wa pili kokwa 2. Halafu mtu anapandisha, tuseme hadi 5, na wewe uliyekwisha kuweka unaangalia karata zako za hovyohovyo na kujiuliza kama ufuate.

Tuna shule mbili. Ya kwanza ni ya fundi mmoja wa mashine za boti, mtu mzima, ambaye blaindi kwake ni kodi: unalipa, unatupa, unasubiri karata za maana. Ya pili ni ya yule kijana, ambaye hakuna karata asiyoifuata akiwa amekwisha kuweka chochote.

"Mzee wangu, nauli nimeshalipa nusu, niteremke njiani?"

"Mwanangu, kokwa ikishaingia siniani haina baba."

Nimekaa upande wa kijana muda mrefu, na daftari langu lina ushahidi wa gharama yake. Baadaye nikahamia kwa fundi, nikagundua nako kunavuja. Ninachoamini sasa ni kwamba kila mmoja wao ana haki kwenye kiti kimoja na amekosea kwenye kingine. Fundi anacheza blaindi zote mbili kana kwamba ni ndogo. Kijana anazicheza zote kana kwamba ni kubwa.

Viti viwili, bei mbili

Kabla ya karata, kubali jambo moja: kwenye blaindi, hata mchezaji hodari hupoteza kwa muda mrefu. Ukitupa kila mara, kila mzunguko wa meza unakutoa kokwa 3, yaani 2 za blaindi kubwa na 1 ya ndogo. Kwa hiyo usitafute faida pale. Tafuta kupoteza pungufu ya hizo 3. Karata inayokurudishia wastani wa kokwa moja kati ya mbili ulizoweka inafaa kuchezwa, japokuwa daftari litaonyesha hasara. Hili lilinichukua miezi kulielewa.

Sasa bei. Mtu mmoja amepandisha, wengine wametupa, na wewe ndiye mwenye blaindi. Asilimia ni sehemu ya sinia unayopaswa kushinda ili usipate hasara kwa unachoongeza:

| Amepandisha hadi | Blaindi kubwa inaongeza | Inahitaji | Blaindi ndogo inaongeza | Inahitaji |
|---|---|---|---|---|
| 4 | 2 | 22% | 3 | 30% |
| 5 | 3 | 27% | 4 | 33% |
| 6 | 4 | 31% | 5 | 36% |
| 8 | 6 | 35% | 7 | 39% |

Hesabu yenyewe ni ya dukani. Amepandisha hadi 5, siniani kuna 5 zake, 1 na 2 za blaindi, jumla 8. Wewe wa blaindi kubwa unaongeza 3, sinia linakuwa 11. Tatu katika kumi na moja ni 27%. Wa blaindi ndogo anaongeza 4, sinia linakuwa 12, theluthi moja.

Ukiishia kwenye jedwali utasema tofauti ni ndogo, pointi nne hadi nane tu. Lakini jedwali halionyeshi mambo mawili.

La kwanza: blaindi kubwa ndiyo ya mwisho kusema kabla ya karata za mezani. Ukifuata, mlango umefungwa, hakuna wa kupandisha tena nyuma yako. Blaindi ndogo ikifuata bado kuna mtu mmoja amebaki, naye ana bei nzuri kuliko yako. Anaweza kuingia pia, ukawa na wapinzani wawili badala ya mmoja, au anaweza kupandisha hadi 25 na zile 4 zako zikaenda bila kuona hata karata moja ya mezani.

La pili ni zito zaidi. Karata za mezani zikianza kufunuliwa, blaindi ndogo ndiyo inayosema kwanza, raundi zote tatu. Unagonga meza, yaani unapita bila kuweka kitu, au unaweka dau bila kujua mwenzako atafanya nini, na yeye anaamua akiwa ameshakuona. Blaindi kubwa nayo ina shida hiyo, ila angalau blaindi ndogo ikiwa bado ndani, haitangulii kuliko wote.

Hapo ndipo methali ya rahisi ghali inapoikuta blaindi ndogo. Nusu nauli ya kijana ni kweli ameilipa. Lakini ukishagundua treni uliyopanda inakwenda Tabora na wewe safari yako ni Kasulu, nusu nauli haikusaidii kitu.

Mtego wa saba na mbili

Watu wa programu za simu wanapenda kuleta asilimia. Kijana alituletea hii: saba na mbili za aina tofauti (tuseme moja kopa, nyingine pau), garasa la magarasa, zikipambana na ree na mfalme hadi karata ya mwisho, zinashinda karibu theluthi moja. "Sasa jedwali linasema nahitaji 27," akasema, "kwa nini nitupe?"

Swali zuri, na ndilo linalotenganisha anayejua hesabu na anayejua mchezo. Theluthi hiyo ni ya kufika mwisho, karata zote tano zikiwa wazi. Hutafika mwisho. Mezani zikitoka jeki, tisa na nne, wewe una saba na mbili, mwenzako anaweka kokwa 6 na wewe unatupa, hata kama naye hana kitu. Na ukipata pea ya saba hutajua kama ni nzuri. Karata isiyojua inataka nini haiwezi kudai haki yake.

Kwa hiyo mimi huongeza pointi tano hadi kumi juu ya jedwali kwa karata za aina tofauti zisizokaribiana, na siongezi karibu chochote kwa karata za aina moja zinazofuatana, kwa sababu hizo flopu ikitoka, yaani karata tatu za kwanza za mezani, zinajua zilipo: ama zimepata kitu, ama zina kitu cha kusubiri, ama zinatupwa bila majuto. Hii ni kanuni yangu ya mkekani, haikutoka kwenye kompyuta, lakini imenipunguzia kuvuja.

Ree na tisa, au saba na sita?

Ulinganisho huu ndio unaowashangaza wanaoamini kwamba karata kubwa ni kubwa tu. Upande mmoja una ree na tisa za aina tofauti. Upande wa pili saba na sita, zote shupaza. Upo blaindi kubwa, wa kiti cha mwanzo, yule anayesema kwanza baada ya blaindi, kapandisha hadi 5. Ungeingia na zipi?

Mkeka mzima kwetu ungesema ree na tisa. Sasa fikiria wa kiti cha mwanzo anapandisha na nini. Mchezaji makini, akiwa na meza nzima nyuma yake, anaingia kama mara moja kati ya sita au saba: pea kubwa, ree na mfalme, ree na malkia, mfalme na malkia. Akiwa na ree na mfalme, ree-tisa yako inashinda karibu robo tu ya mara. Saba-sita za aina moja dhidi ya hizohizo zinashinda karibu asilimia 40. Karata ndogo zinafanya vizuri zaidi kwa sababu hazigombanii karata zilezile. Mbaya zaidi, ree ikitoka mezani wewe wa ree-tisa ndiyo kwanza unafurahi, na furaha hiyo ndiyo inayokumaliza.

Kwa hiyo dhidi ya kiti cha mwanzo nafuata na saba-sita za aina moja, natupa ree-tisa mchanganyiko. Ninajua inauma.

Badilisha kitu kimoja tu, aliyepandisha awe mgawaji. Huyu ameona wote wametupa, zimebaki blaindi mbili, anaweza kupandisha hata na mikono miwili kati ya kila mitano anayopewa: mfalme-saba, malkia-nane, ree-tatu. Sasa ree-tisa iko mbele ya nyingi kati ya hizo, na nafuata bila kufikiri mara mbili. Saba-sita nazo nafuata. Karata hazikubadilika, aliyebadilika ni mtu aliyepandisha.

Na ukiwa blaindi ndogo? Dhidi ya kiti cha mwanzo natupa zote mbili. Dhidi ya mgawaji, ree-tisa mchanganyiko bado naitupa mara nyingi, na saba-sita za aina moja mara chache huwa napandisha nazo tena. Kufuata tu, karibu kamwe.

Mfalme na tisa za aina moja, au za aina tofauti?

Hapa wengi wanasema ni zilezile. Kwa asilimia tupu tofauti ni pointi mbili tatu. Ukiwa na karata mbili za aina moja, flopu inakupa tano za aina moja, mkono mzito kuliko pea, papo hapo chini ya mara 1 kati ya 100. Lakini takriban mara 11 kati ya 100 inakupa nne, yaani unasubiri moja. Hizo 11 ndizo zenye thamani, kwa sababu zinakupa sababu ya kuendelea pale ambapo pacha wako wa aina tofauti angetupa.

Halafu kuna idadi. Mfalme na tisa zinaweza kupatikana kwa njia 16: nne za aina moja, kumi na mbili mchanganyiko. Maana yake ukijiruhusu kucheza "mfalme-tisa" bila kubagua, mara tatu kati ya nne unacheza ile mbovu. Daftari langu la zamani limejaa mfalme-tisa mchanganyiko, na karibu zote zina alama ya kutoa.

Blaindi kubwa dhidi ya mgawaji: za aina moja nafuata daima, mchanganyiko nafuata akipandisha hadi 4 au 5, natupa akifika 8. Blaindi ndogo: za aina moja naweza kupandisha nazo tena dhidi ya mgawaji, mchanganyiko natupa bila kuzitazama mara ya pili.

Ukishuka chini ya hapo, mfalme-nne, malkia-tano, jeki-sita, zote mchanganyiko, jibu ni kutupa kwenye viti vyote viwili, isipokuwa aliyepandisha ni wa blaindi ndogo. Nitafika huko.

Jeki na saba, jioni moja

Nieleze gharama kwa karibu. Nilikuwa blaindi ndogo na jeki na saba za aina tofauti. Fundi alikuwa mgawaji, akapandisha hadi 5. Kumbuka huyu ni fundi, anayetupa karibu kila kitu. Fundi akipandisha hata jogoo wa jirani anajua kuna jambo. Lakini kokwa yangu moja ilikuwa siniani inanitazama. Nikaongeza 4. Blaindi kubwa akatupa.

Zikatoka jeki ya uru, tisa ya pau, tatu ya kopa. Nina pea ya juu kabisa mezani. Nikagonga, akaweka 6, nikafuata. Ikaja malkia ya shupaza. Nikagonga, akaweka 14, nikafuata, kwa polepole zaidi. Ya mwisho ilikuwa mbili. Nikagonga, akaweka 40. Akazipanga kumikumi, mafundi ndivyo walivyo. Nikafuata.

Jeki na mfalme. Pea ileile kama yangu, na mfalme juu yake.

Hesabu ya usiku ule: 4, 6, 14 na 40 ni 64. Nilikuwa naiokoa kokwa moja. Na ukiangalia vizuri, baada ya flopu sikufanya kosa kubwa sana, watu wengi wangefuata na pea ya juu. Kosa lilikuwa lile la kwanza la kokwa 4, mengine yote yalitoka tumboni mwake.

Tangu siku ile kanuni yangu ya blaindi ndogo mtu akiwa amepandisha ni fupi: kupandisha tena au kutupa. Sisemi ndiyo kanuni pekee. Wapo wanaofuata na pea za kati na karata za aina moja zilizofuatana, na kama wa blaindi kubwa ni mtu mtulivu asiyependa kupandisha, wana hoja. Lakini kwa mtu anayejifunza, kuondoa njia ya katikati kunaondoa usiku kama ule.

Za kupandisha tena

Nikiwa blaindi ndogo na mgawaji kapandisha hadi 5, napandisha hadi kama 20. Ni nyingi kwa makusudi, kwa sababu nitasema kwanza raundi zote na sitaki afuate kwa bei rahisi. Zinazostahili kila mara: pea kuanzia kumi kwenda juu, ree-mfalme na ree-malkia za namna zote, ree-jeki na mfalme-malkia za aina moja. Aliyepandisha akiwa kiti cha mwanzo nazipunguza mpaka malkia mbili kwenda juu na ree-mfalme, na ree-malkia kama ni za aina moja.

Ree-mfalme ndiyo watu wanaipenda kuifuata kimya. Sikubaliani. Ree-mfalme si mkono bado, ni ahadi. Flopu inakupa pea au zaidi kama mara moja kati ya tatu. Ukifuata tu kwenye blaindi ndogo, unamkaribisha wa blaindi kubwa kwa bei ya chini, halafu mara mbili kati ya tatu unakaa na karata kubwa zisizo na kitu huku unatangulia kusema. Ukipandisha, wengi wanatupa pale pale, sinia lako. Na kushika ree moja na mfalme mmoja kunapunguza hofu: ree mbili za mpinzani, zilizokuwa na njia 6 za kupatikana, sasa zina 3, na mfalme wawili vilevile. Hata akiwa na malkia mbili na mkafika mwisho, unashinda kama 43 kati ya 100.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayonifanya nipandishe tena mara mojamoja na ree-tano za aina moja, karata ambayo fundi anaiona wazimu. Ree yake inapunguza ree mbili za mwenzangu, tano yake inaweza kuunga mbili, tatu, nne, na nikipata tano za aina moja hakuna wa aina hiyo aliye juu yangu. Nikifuatwa, najua naelekea wapi. Ree-tisa mchanganyiko nikifuatwa, sijui.

Blaindi kubwa ni tofauti. Pale una bei ya kufuata, kwa hiyo huhitaji kupandisha kila chenye nguvu ya kati. Ree-jeki mchanganyiko, pea ya nane, mfalme-malkia mchanganyiko dhidi ya mgawaji: fuata, tazama flopu. Pandisha tena na zile kubwa kabisa, pamoja na chache za ujanja kama ree-tano, ili wasikuzoee.

Pea ndogo

Pea ya mbili hadi sita. Flopu inakupa ya tatu kama mara 12 kati ya 100, tuseme mara moja kati ya nane au tisa. Usipoipata, kwa kawaida unatupa. Kwa hiyo swali halihusu karata zako bali kokwa zilizobaki mbele ya mwenzako. Ukiongeza 3 kwenye blaindi kubwa, unataka awe na angalau 45 za kupoteza, mara kumi na tano ya ulichoweka, na zikiwa 60 ni bora. Mwenye kokwa 25 hakulipi hata ukimnasa. Fundi hatazami kabisa kokwa za mwenzake, ndiyo maana pea ya nne kwake ina thamani ileile kila siku.

Hakuna aliyepandisha

Blaindi kubwa, watu wameingia kwa kokwa 2 tu: gonga meza. Usitupe. Inaonekana haihitaji kusemwa, lakini mgeni mmoja kutoka Mwanga alitupa nane-tatu hakuna aliyemdai kitu, na mpaka leo anaitwa Sadaka.

Blaindi ndogo, wawili wameingia kwa 2 kila mmoja: siniani kuna 7, unaongeza 1. Moja katika nane, chini ya 13%. Hapa ndipo kijana ana haki hata kwenye kiti hiki. Karata yoyote ya aina moja yenye maana, zinazofuatana, pea zote. Bado natupa jeki-nne mchanganyiko, na nafahamu wapo wanaocheka.

Wote wametupa, mmebaki blaindi mbili

Hili ndilo ninaloona likikosewa na shule zote mbili. Mgawaji katupa, wote wametupa, blaindi ndogo inatazamana na blaindi kubwa peke yao.

Blaindi ndogo: mpinzani ni mmoja tu, na hakuchagua karata zake, amewekewa. Pandisha hadi 6 na kama nusu ya karata unazopata: ree zote, pea zote, wafalme wengi, za aina moja zinazokaribiana, jeki-tisa na juu yake hata mchanganyiko. Zinazobaki tupa. Kuongeza kokwa moja kimya ni njia halali pia, na wenye uzoefu huitumia sana, ila inataka uwe na baadhi ya karata kubwa umezificha humo, la sivyo kijana atapandisha kila mara na utatupa kila mara.

Blaindi kubwa: sasa, kwa mara ya kwanza, wewe ndiye wa mwisho kusema raundi zote. Amepandisha hadi 6, unaongeza 4, sinia linakuwa 12. Ni theluthi, bei ileile ambayo blaindi ndogo inailipa dhidi ya mgawaji, lakini kiti ni kingine kabisa. Jeki-nane mchanganyiko, ambazo blaindi ndogo ningezitupa kwa mgawaji bila kupumua, hapa nafuata. Malkia-saba nafuata. Mfalme-nne, ile niliyosema itupwe, hapa nafuata. Fundi hapa anatupa, na kijana anampandishia usiku kucha. Fundi hapotezi sinia kubwa hata moja, anaondoka mbilimbili kama maji kwenye mtumbwi uliotoboka.

Mkibaki wawili tu

Mwezi ukianza kupungua mkeka unapungua nao. Taa zinajaribiwa, mashine zinawashwa, mmoja mmoja anaitwa. Jioni ya mwisho tulibaki mimi na fundi.

Wakiwa wawili kanuni inageuka, na wengi hawajui: mgawaji mwenyewe ndiye anayeweka blaindi ndogo. Anasema kwanza kabla ya flopu, halafu anasema mwisho raundi zote zinazofuata. Kiti kibovu kuliko vyote kinakuwa kiti bora. Pale unapandisha na karata nyingi kuliko unazotupa, na yote niliyosema juu ya blaindi ndogo unayaweka kando.

Nilikuwa mgawaji. Nikafunua kona ya karata zangu: jeki, saba, aina tofauti. Fundi alikuwa ameshaweka kokwa zake mbili na anatazama ziwani, mashine yake moja ilikuwa inakohoa huko.

Nikapandisha hadi 5.

Akazitazama zake, akanitazama mimi, akazitupa. "Ulikuwa na nini?"

Nilikuwa nimeshaanza kuchanga karata.